Nyumba Isiyopigwa Msumari

Juzi Jumamosi asubuhi nilikuwa na pini mdomoni, napinda pazia la mteja, simu ikaita. Kwenye kioo limetokea jina: Mama Mwenye Nyumba. Nimeshahama kwake kitambo, nina kibanda changu mwenyewe huku Chanika, lakini jina lile sijalibadilisha kwenye simu na sina mpango huo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nyumbani, mama. Vipi mguu?"

"Mguu uko hapa nauangalia, nao unaniangalia. Sikiliza. Kesho njoo na mashine yako unitobolee ukuta."

Pini zote nikazitema mezani. Nikamwomba arudie, akarudia kwa hasira maana hapendi kurudia: nije nimtobolee ukuta wa chooni, nifunge bomba la kushikilia, yale yanayokuwa hospitali. Kisha akakata simu. Huyo ndiye yeye, salamu ya kuagana kwake ni kukata simu.

Sasa usinishangae kwa nini nilikaa chini. Kwa yule mama nimepanga Temeke tangu mwanangu anatambaa mpaka akavaa sare ya sekondari, na muda wote huo sijaona mkono wa mtu mwingine ukiruhusiwa kuutia chuma ukuta wa nyumba ile. Si fundi umeme, si mume wa mpangaji, si mwanawe wa kumzaa. Na leo ananiita mie.

Sababu naijua. Mwezi uliopita aliteleza chooni. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, ila mguu wa kulia tangu siku hiyo haumtii. Mwanawe anakaa Kawe, nyumba nzuri, na anataka kumchukua. Mtoto ana nia ya heri, simlaumu, nani anataka kupigiwa simu kuambiwa mama yako kaanguka tena? Wamebishana mpaka wakaafikiana hivi: bomba lifungwe, na Jumapili mwana aje aone kwa macho yake. Mama akiweza kwenda chooni na kurudi peke yake, anabaki Temeke. Akishindwa, nguo zinafungwa siku hiyohiyo.

"Kawe nikafanye nini?" alishaniambia. "Nikakae dirishani niangalie mageti ya watu? Hata chumvi ukiishiwa hujui umgongee nani."

Alizaliwa wapi, ukoo gani, aliolewa vipi, hayo kamuulize mwenyewe kama una ubavu. Mie nasema niliyoyaona.

Siku nahamia kwake nilikuwa na mtoto mgongoni, kigodoro, cherehani, na macho mekundu. Wenye nyumba wengine wanakuuliza uko na nani, mume yuko wapi, unafanya kazi gani. Huyu aliniangalia kuanzia kandambili mpaka kilemba akauliza, "Vitu vya kutundika unavyo vingapi?"

Nikamwambia kioo, kalenda ya kanisa, na chandarua.

"Haya. Utaniita nikutobolee. Msumari ukipigwa humu ndani, aliyeupiga anaufuata nje."

Nilidhani ni maneno ya kuanzia tu. Weee! Jirani yangu wa chumba cha mbele alipiga kimsumari kimoja, kidogo, cha kutundika begi. Mama Mwenye Nyumba alikuwa uwani anachagua mchele. Akausikia. Ungo ukawekwa chini, tukamwona anakuja koridoni kajifunga kanga kiunoni, na yule bwana mzima wa ndevu akauficha mkono wenye nyundo nyuma ya mgongo.

Kosa lake hakulielewa mpaka alipoung'oa ule msumari. Ule ukuta plasta yake ni mchanga mtupu, nyumba za zamani za Temeke nyingi ndivyo zilivyo, saruji ilipitishwa tu ikasalimia. Ukipiga msumari hapa, kipande kikubwa kama sahani kinaanguka pale. Yule bwana aling'oa msumari, ukaja na nusu ya ukuta. Hakufukuzwa lakini. Alisimamishwa pale kushika tochi wakati mama anaziba, na kila alipoihamisha tochi kidogo alikumbushwa kuwa ana ndevu.

Dawa ya ukuta ule ilikuwa mashine moja nzito ya waya, rangi imebanduka, ambayo yeye hakuwahi kuiita drili. Aliiita keekee, kwa jina la zamani la maseremala. Ilikuwa ya marehemu mumewe, seremala wa Keko. Mume alipofariki, ndugu zake walikuja na kikapu cha kukusanyia vifaa: randa, patasi, misumeno, vyote vikaingia. Keekee hawakuiona. Mjane alikuwa kaifunga ndani ya kanga, kaiweka chini ya mto, kaukalia.

"Watu walinipa pole kwa vile nilivyokaa bila kuinuka," alituhadithia siku moja, anacheka mpaka anafuta machozi. "Wanasema maskini, majonzi yamemlemea. Wapi! Ningeinukaje?"

Kisha akasema yalikuwa yamemlemea vilevile.

Kumwona anatoboa ilikuwa starehe. Kwanza anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kaweka sikio, anatafuta palipo tofali na palipo uwazi. Anazungusha kipande cha plasta ya kidonda kwenye biti, ule ulimi wa chuma unaotoboa, kuonyesha ikomee wapi. Anabandika gazeti lililokunjwa chini ya alama ili vumbi lidondokee humo. Anasema bismillahi, halafu anaanza taratibu, hana haraka hata kidogo, yeye ambaye kwenye mambo mengine yote alikuwa na haraka ya moto.

Katikati ya tundu alisimama. Sharti asimame. Alisema chuma kikipata joto kinachoma ukuta na kinajichoma chenyewe, kwa hiyo lazima kipumzike, na kikipumzika yeye alipiga hadithi. Habari za mtaa nilizozijua nilizipata hivyo, nusu ya unene wa ukuta. Ukitaka kujua nani kamwacha nani, unaomba tundu la kutundikia ungo. Nilitundika nyungo mbili na wala sikuwa na mchele wa kupepeta.

Halafu likaja lile la mwisho, ambalo mie sijaliona kwa fundi mwingine. Tundu likishatiwa plagi ya plastiki na skrubu ikakazwa, mwenye kutoboa ndiye ananing'inia. Kalenda aliivuta kwa vidole viwili. Rafu ya vyombo aliishika kwa mikono yote akainua miguu, na mama yule hakuwa mwepesi. Sie tunashika midomo, yeye anabembea, kanga inapepea.

"Kabla mgeni hajatundika chake," alisema, "mwenye tundu atundike mwili wake."

Alikuwa na mengine mengi ambayo hayaendani. Kelele alikuwa hazitaki, redio ya mpangaji ikipanda anagonga mlango, lakini keekee yake ilinguruma Jumapili asubuhi wakati sie wengine ndiyo tumepata siku ya kulala. Taa ya koridoni alikuwa anaizima wewe ukiwa bado unapita, utajua mwenyewe na ndoo yako. Lakini akipika maharage ya nazi sahani inakuja, na ukirudisha sahani tupu bila kitu anaipokea vizuri tu, hanuni. Mdomo wake ulikuwa mchungu. Alimwambia mpangaji aliyekuwa anaimba bafuni kwamba maji yakikatika tutajua sababu. Mpangaji huyohuyo alipolazwa, ni yeye aliyekuwa anapeleka uji hospitali, na akirudi anamsema vibaya kwa kuumwa bila kuaga.

Na asije mtu akadhani alikuwa anajua kila kitu. Mchana wa kuamkia Idi mwaka mmoja, nyumba nzima pasi ziko juu ya nguo, watoto wanasubiri kanzu, yeye akaamua kujitobolea ukumbini apate kutundika pazia jipya. Akagonga ukuta, akasikiliza, akasema bismillahi. Mara pa! Cheche, moshi, nyumba giza. Aliyevuta ule umeme zamani alikuwa kaupitisha waya mshazari ndani ya plasta, kutoka pembe mpaka pembe, kufupisha njia. Tulitoka vyumbani na pasi zimepoa mikononi. Mama Mwenye Nyumba kasimama juu ya kiti, keekee mkononi, uso mweupe kwa vumbi.

Tukasubiri aseme kosa ni letu.

"Hilo," alisema, "sikulisikia." Akashuka. Siku ile jiko la mkaa liliwashwa uwani, akatafuta pasi ya mkaa ya zamani, na nguo za nyumba nzima alizipiga yeye, moja baada ya moja, mpaka za watoto wa kikristo ambao hawakuwa na Idi. Tangu hapo alikuwa anauliza waya kwanza.

Sasa mie na keekee tulivyokutana. Nilikuwa nashona mapazia, nayapeleka kwa wateja, na kila mteja anauliza swali moja: nani atanifungia bomba lake? Namwita fundi, fundi anasema yuko njiani. Hiyo njia ya mafundi wa Dar ni ndefu jamani, sijui inapita wapi. Pazia linakaa kwenye mfuko, mteja ananuna, na akinuna hamwambii jirani yake habari njema zangu. Siku moja nilirudi kwa mteja mara ya tatu bila fundi, nikakaa barazani nikalia kwa hasira kabisa, mbele za watu.

Mama Mwenye Nyumba alipita na ndoo. Hakusema pole. Kesho yake nimekuta uwani tofali limesimamishwa, limeegemezwa ukutani na mawe mawili, keekee iko pembeni na waya umeshachomekwa.

"Toboa," akasema.

"Mie?"

"Kwani nimemwambia nani, kuku?"

Ukuta wa nyumba hakunipa hata siku moja. Nilitoboa tofali. Nikilikunja tundu, ananiambia tundu hilo limelewa. Nikikandamiza, ananipiga kofi la bega: "Usiisukume, iegemee." Lile tofali liliishia kuwa chekeche, akaniletea jingine. Wapangaji wakipita wanasema shikamoo fundi, kwa kejeli, na mie naitikia marahaba. Baadaye akanipa vipande vya mbao za mninga na za mkongo, kunifundisha kwamba mbao ngumu nayo inataka itobolewe kwanza kabla ya kukazwa, la sivyo inapasuka au inakukatia skrubu.

"Tundu kwanza," alikuwa anasema. "Anayeanza na kukaza anamaliza na kung'oa."

Nilipopata uwezo wa kununua mashine yangu mwenyewe, ya betri, nilimwomba anisindikize Kariakoo. Alivaa baibui jipya kabisa, akajipaka na manukato. Dukani muuzaji, kijana mchangamfu, akatuwekea mbili mezani. Ukizitazama ni kulwa na doto: rangi moja, betri moja, mshiko mmoja. Moja ni drili, nyingine ni ile ya kukazia skrubu, ambayo mafundi wanaiita impakti.

"Mama, chukua hii ya kukazia," kijana akasema. "Ndiyo habari ya mjini. Nguvu mara mbili, na nyepesi. Fundi akiwa na hii anaheshimika."

Kusema kweli mie nilishaipenda. Ilikuwa fupi, imekaa mkononi vizuri, na niliona nikiingia nayo kwa mteja nitaonekana mtu.

Mama Mwenye Nyumba akaichukua, akaitazama mdomoni. "Hii haina taya."

"Haihitaji, bibi. Unachomeka biti, inajifunga."

"Na biti yake ikiwa mviringo?"

Kijana akakubali kwamba hapo ndipo drili inapofaa, ile ina taya, inashika biti yoyote. Basi bibi akaomba zote mbili zijaribiwe. Akatoa kwenye pochi lake, sijui alivitoa wapi, kipande cha mkongo, skrubu nene ndefu, na skrubu ndogo ya kushikia bomba la pazia. Watu wakaanza kujaa mlangoni.

Drili ikaanza na ile skrubu nene. Ikaenda, ikaenda, ikakwama, ikamzungusha kijana kifundo cha mkono. Impakti ikaichukua, tak-tak-tak-tak, ikaizamisha mpaka kichwa kikafukiwa. Watu wakashangilia. Kijana akanitazama kwa ushindi.

"Sasa hii ndogo," bibi akasema.

Impakti ikaigusa, tak, kichwa cha skrubu kikaruka kikadondoka nje ya kaunta. Akatoa nyingine. Drili ina pete ya namba shingoni, kijana akaiweka namba ndogo. Ikakaza, skrubu ilipofika ikatoa mlio wa krrr, ikaacha yenyewe.

Bibi akanigeukia. Wala hakunihutubia. Akauliza kama anavyouliza siku zote.

"Kazi yako ni nini?"

"Mapazia."

"Mapazia yanashikwa na nini?"

"Ukuta."

"Ukuta unataka nini?"

"Tundu, mama."

"Basi. Ile nyingine ni ya watu wa mapaa na mageti. Ukifika huko utainunua. Na hii uiangalie kama inagonga." Akamgeukia kijana. "Ya ukutani lazima iwe inagonga kwa mbele, sivyo? Tuonyeshe." Kijana akazungusha pete, akatuonyesha alama ya nyundo. Nikachukua drili. Yule kijana nampenda mpaka leo, bado nanunua kwake, na kila nikienda ananiuliza bibi wa mkongo hajambo.

Drili ile ndiyo iliyonilea. Naisema kwa kinywa kipana. Nilikuwa nashona mwenyewe, natoboa mwenyewe, nafunga mwenyewe, mteja haoni fundi wa njiani. Kutoka kwenye mapazia nikaingia kwenye rafu, kutoka rafu nikaingia kwenye kabati za jikoni. Mwanangu kasomeshwa na ile drili. Kiwanja cha Chanika ni ile drili. Na nyuma ya ile drili yuko mama mmoja mchungu aliyenisimamishia tofali uwani bila kuniuliza kama nataka. Sijui ningekuwa wapi.

Nilishawahi kumwambia. Siku nahama nilipiga magoti koridoni nikasema mama, asante, umenifanya mtu. Akaniinua kwa ukali.

"Asante ya nini? Mie nilikuwa nauokoa ukuta wangu. Nilikuona unavyolia, nikajua huyu siku moja atachukua nyundo."

Kichekesho ni kwamba nilipoinunua impakti baadaye, kwa ajili ya kabati na milango, nilimpitishia aione. Yeye aliyeiita mashine ya watu wa mapaa na mageti akaiomba dakika moja. Akafungua bolti zote za geti lake zilizoshikwa na kutu, akazifunga, akazifungua tena. Akaingia kwa jirani akamfungulia kitanda ambacho jirani hakuomba kifunguliwe. Nilirudi Chanika mikono mitupu, na nilipopiga simu kuulizia mashine yangu akasema ana kazi nayo. Ilibidi nimtume mwanangu aende kuipokonya kwa heshima.

Basi ndiyo hiyo Jumapili. Nimefika na mashine zote mbili kwenye begi. Mwanawe alishafika, kasimama uwani na funguo za gari mkononi. Mama kakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwa choo, kajitanda kanga mpya. Kapungua. Ile mikono iliyokuwa inabembea kwenye rafu imebaki mifupa na bangili. Lakini jicho ni lilelile.

"Umechelewa," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia, ukuta ule pale."

Nikauliza waya kwanza. Akatabasamu kidogo, akaficha. Nikapima kimo chake na bega lake, nikatia alama, nikabandika gazeti. Pazia likidondoka unaomba radhi unarudia. Hili likidondoka linadondoka na yeye, na asipovunjika nyonga basi anavunjika moyo huko Kawe.

Nikasema kwa jina la Yesu, nikaanza. Biti ikaingia kama kwenye unga wa sembe. Mchanga mtupu ukamwagika, halafu ikazama ghafla: uwazi. Nikatia plagi, ikazunguka humohumo. Haishiki chochote.

Mwanawe akavuta pumzi. "Mama, si unaona? Ukuta wenyewe umechoka. Twende tu nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Na wewe ukuta huu ndio uliokukinga mvua. Nyamaza, mtu anafanya kazi."

Nilimtazama nikingoja aniambie cha kufanya. Nikamuuliza kabisa, mama, nifanyeje?

"Unaniuliza mie? Fundi nani hapa?"

Nikageukia ukuta. Nikakunja kidole nikagonga kwa kifundo, sikio ukutani, taratibu, kutoka kwenye lile tundu kuelekea mlangoni. Mchanga. Mchanga. Uwazi. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nzito: nguzo ya zege ya pembeni mwa mlango, kwa ndani. Nikageuza bomba lisimame wima, juu na chini vyote viwe kwenye zege. Nikaweka drili kwenye alama ya nyundo, nikaegemea. Sikusukuma.

Zege lile lilikuwa gumu la kweli. Nusu ya tundu biti ikaanza kutoa moshi, nikasimamisha. Ndani ya ule ukimya nikamsikia nyuma yangu anakohoa, anajiweka sawa kwenye kiti.

"Kulikuwa na mwanamke mmoja," akaanza.

Nikajua chuma kinapumzishwa. Nikaegemea ukuta nikasikiliza.

"Alikuja hapa na kioo, na kalenda, na mtoto mgongoni. Macho mekundu. Nikasema huyu hamalizi mwezi. Nikamwekea tofali. Loo! Alivyoliingilia lile tofali, unadhani limemtukana mama yake. Matundu yote yamelewa. Lakini hakuacha. Mvua inanyesha, yuko na tofali. Nikasema huyu ana mkono. Huyu ndiye nitakayemwachia ukuta."

"Mbona hukuwahi kuniambia, mama?"

"Ungevimba kichwa, ungeyakunja zaidi. Haya, kimeshapoa."

Nikatoboa nikiwa sioni vizuri, machozi na vumbi. Matundu manne, yote kwenye zege. Nikatia plagi, nikaingiza skrubu nene. Impakti iko kwenye begi, ingekaza yote kufumba na kufumbua, lakini nikaiacha hapohapo. Hapa nilitaka kusikia mkononi kila skrubu inavyoshika. Nikachukua spana nikakaza taratibu, mpaka ikakataa.

Halafu nikalishika lile bomba kwa mikono yote miwili, nikainua miguu. Na mie siyo mwepesi tena, Chanika kuna mihogo mizuri. Nikabembea. Mwanawe akashika mdomo, kama sie tulivyokuwa tunashika. Ukuta haukutoa hata punje.

"Shuka," mama akasema. "Zamu yangu."

Mwanawe akamfuata amshike kiwiko, akasukumwa. Akainuka kwenye kiti, mkono ukaingia kwenye bomba, akakaa nalo kidogo, analizoea. Akaingia. Akafunga mlango, akatia na komeo.

Tulisimama uwani mie na yule kaka, hatutazamani. Wapangaji wametoka vyumbani wote, hakuna anayejifanya ana shughuli. Tukasikia kanga inaburuzika. Kimya. Kimya kirefu, mpaka kaka akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, nikamshika mkono. Ndipo tukasikia kopo linagonga ndoo, maji yanamwagika, tena maji. Komeo likafunguka.

Akasimama mlangoni, wima, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine unaweka kanga sawa. Akamtazama mwanawe kwa upole ambao nilikuwa sijawahi kuuona usoni mwake.

"Haya, baba," akamwambia. "Wasalimie Kawe."

Yule kaka akacheka huku analia, akaenda kumkumbatia. Wapangaji wakapiga vigelegele. Nami nikasogea nimpigie magoti tena, niseme asante yangu safari hii aipokee, lakini akaniwahi. Alikuwa anatazama sakafu, pale lile tundu la kwanza lilipomwaga mchanga nje ya gazeti.

"We fundi," akasema. "Na hilo vumbi lako?"

Nikachukua ufagio.